Tusimhurumie Mgonjwa kwa Kumkalisha Chini

Katika miaka yote niliyofundisha ndani ya jengo letu la mihadhara sikuwahi kuzihesabu ngazi zake. Nilizihesabu kwa mara ya kwanza mwezi uliopita: ni 54 kutoka barazani hadi ghorofa ya tatu, na jengo halina lifti. Aliyenifanya nizihesabu ni mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye ameniruhusu nisimulie yaliyompata bila kutaja jina lake. Nitayasimulia kwa ufupi, kwa kuwa makala haya hayamhusu yeye peke yake. Yanahusu namna sisi, kama taasisi na kama taifa, tunavyochanganya huruma na haki, na gharama anayoilipa mgonjwa kwa mchanganyiko huo.

Alipokuwa mwaka wa pili, jicho lake moja liliingia ukungu kwa wiki kadhaa, kisha likapona lenyewe. Miezi michache baadaye akaanza kuburura mguu wa kulia. Nyumbani walisema amekanyaga kitu. Chuoni tulisema ni mawazo ya mitihani. Ilichukua muda mrefu, fedha nyingi na safari nyingi za hospitali mpaka kipimo cha MRI kilipoonyesha makovu katika ubongo na katika uti wa mgongo. Aliambiwa kwamba ana maltipo skilerosisi, ugonjwa wa neva ambao wenye nao huuita kwa ufupi MS. Pamoja na dawa alipewa agizo moja: apumzike, asijichoshe.

Nami, mwalimu wake, nililitekeleza agizo hilo kwa moyo mkunjufu. Nilimruhusu asihudhurie mihadhara, nikawa namtumia muhtasari kwa simu, na nikajiona mwalimu mwema. Wahenga walinena kwamba asiyekuwepo na lake halipo, lakini siku ile sikulikumbuka neno hilo. Baada ya mwaka mmoja binti yule, aliyekuwa akipanda ngazi zetu kwa shida lakini akizipanda, hakuweza tena kuvuka uwanja wa bweni bila kushikwa mkono.

Ndugu msomaji, ni vema tuuelewe ugonjwa wenyewe kabla ya kuendelea. Katika MS, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huugeukia mwili inaoulinda. Hushambulia mayelini, yaani ala ya mafuta inayozifunika nyuzi za neva mithili ya plastiki inayofunika waya wa umeme. Ala hiyo inapochubuka, ujumbe unaotoka kwenye ubongo kwenda mguuni huchelewa, hupotea njiani, au hufika ukiwa pungufu. Palipoumia hubaki kovu, na makovu hayo mengi ndiyo yaliyoupa ugonjwa jina lake. Shirikisho la kimataifa la vyama vya MS lilikadiria mwaka 2020 kwamba watu wapatao milioni 2.8 duniani wanaishi na ugonjwa huu. Wengi hugunduliwa wakiwa na umri wa kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wanaoupata ni angalau mara mbili ya wanaume. Huonekana zaidi katika nchi zilizo mbali na ikweta. Kwa sababu hiyo daktari wa kwetu hautazamii, na asichokitazamia hukiona kwa shida, hasa pale ambapo mashine za MRI ni chache na zimekusanyika katika miji mikubwa.

Ugonjwa huu hugusa macho, kibofu, kumbukumbu na hisia, na huleta uchovu mzito usiofanana na uchovu wa kawaida. Hata hivyo, kutembea ndiko kunakoonekana na kila mtu, na ndiko madaktari wanakokutumia kupima umefika wapi. Kipimo kinachotumika zaidi duniani kilichapishwa mwaka 1983 na daktari John Kurtzke wa Marekani, nacho huanzia sifuri hadi 10. Katika daraja la 6, mgonjwa anahitaji fimbo ili aende kiasi cha mita 100. Katika daraja la 6.5, anahitaji msaada wa pande zote mbili ili aende mita 20. Katika daraja la 7, maisha yake yamehamia kwenye kiti cha magurudumu. Hatima ya mtu imeandikwa kwa mita, na wala si kwa maelfu ya mita.

Sasa tuulize: agizo la kupumzika lilitoka wapi? Halikuzushwa na daktari wa mwanafunzi wangu. Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu kwa utaratibu mwaka 1868 katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Miaka 22 baadaye, mwaka 1890, daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, akaandika kwamba baadhi ya wagonjwa wake waliona ukungu zaidi baada ya kufanya kazi ya nguvu. Baadaye ikafahamika kwamba kisa ni joto: mwili unapopata moto, neva iliyochubuka hupitisha ujumbe kwa shida zaidi, na mwili ukipoa hali hurejea kama ilivyokuwa. Kwa miongo kadhaa madaktari walimtia katika maji ya moto mtu aliyeshukiwa kuwa na MS ili waone kama dalili zitajitokeza. Kutokana na jambo hilo la muda mfupi ulizaliwa ushauri wa kudumu. Mgonjwa wa MS aliambiwa atulie, akae, alale, asitoke jasho. Vizazi kadhaa vya wagonjwa vilitii.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1996. Jack Petajan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 54 waliogawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya baiskeli ya mikono na miguu kwa dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15. Kundi jingine liliendelea na maisha ya kawaida. Waliofanya mazoezi walipata pumzi zaidi na nguvu zaidi, na ugonjwa wao haukuzidi kwa sababu ya mazoezi hayo. Tangu hapo tafiti zimefuatana. Mapitio ya usalama yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuona kwamba mazoezi yanaongeza mashambulizi mapya ya ugonjwa.

Maelezo yake si magumu. Mgonjwa wa MS huibiwa na wezi wawili. Mwizi wa kwanza ni ugonjwa wenyewe, unaokata mawasiliano ya neva. Mwizi huyu mazoezi hayamkamati, na hakuna mtu mkweli atakayeahidi kwamba mazoezi huotesha upya mayelini iliyopotea. Mwizi wa pili ni kukaa. Misuli isiyotumika husinyaa, moyo usiosukumwa hulegea, na mwili usiozoea kujisawazisha hupoteza mizani na kuanguka. Anayeanguka huogopa, anayeogopa hukaa zaidi, na kukaa huko kunampa mwizi nafasi ya kurudi. Kwa miaka mingi hasara za mwizi wa pili ziliandikwa katika hesabu ya mwizi wa kwanza. Tulidhani ni ugonjwa unaosonga mbele, kumbe sehemu ya hasara ile ilitokana na kitanda.

Je, faida ya mazoezi katika kutembea ni kubwa kiasi gani? Hapa napenda tuwe wakweli, kwa kuwa wauza miujiza wametuzunguka vya kutosha. Mwaka 2009 Erin Snook na Robert Motl walikusanya tafiti zilizokuwapo wakahitimisha kwamba faida ipo, lakini ni ndogo. Mapitio mengine ya mwaka 2015 yaliyojumlisha majaribio kadhaa yaliona kwamba, katika kipimo cha kutembea kwa dakika sita, waliofanya mazoezi waliongeza wastani wa mita 36 hivi. Aidha, wengi wa walioshiriki katika tafiti za namna hii ni watu ambao bado walikuwa wakitembea; kwa wale ambao ugonjwa umewafikisha mbali, ushahidi ni haba zaidi. Na anayeacha mazoezi asitarajie kubaki na alichokipata.

Mita 36! Najua wapo watakaocheka. Lakini mwenye kucheka na apime kwa hatua zake mwenyewe umbali kutoka kitandani hadi chooni, kutoka kituo cha daladala hadi langoni, kutoka mlango wa darasa hadi kiti cha kwanza. Kwa mtu ambaye siku yake nzima hupangwa kwa kuuliza "nitafika?", mita 36 zaidi ndani ya dakika zile zile sita zinaweza kuamua kama atakwenda kazini au atabaki nyumbani.

Mwanafunzi wangu alizipata mita zake kwa bahati. Jirani yao alikuwa na ndugu aliyehitimu fiziotherapia karibuni, kijana ambaye bado alikuwa akisubiri ajira. Kijana huyo hakuwa na mashine yoyote. Alimwanzishia mazoezi ya kuinuka kitini bila kushika meza, mara tano, kisha mara kumi. Alimsimamisha kando ya ukuta kwa mguu mmoja, sekunde chache tu. Alimtembeza alfajiri, kabla jua la pwani halijapanda, akiwa na kitambaa chenye maji baridi shingoni, kwa sababu joto ni adui wa neva zake. Walitembea dakika tatu, wakapumzika, wakatembea tatu nyingine. Siku za uchovu mkubwa walipunguza, lakini hawakuacha. Baada ya miezi minne alikuja chuoni akitumia fimbo, akatoka langoni hadi maktaba bila kuketi njiani.

Mtu mmoja si utafiti, na huenda dawa nazo zilikuwa na mchango wake. Sisimulii habari hii kama ushahidi wa kitabibu. Ninaisimulia kwa sababu ya alichoniambia siku ile kwenye kivuli cha mwembe ulio mbele ya maktaba. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," nikamwitikia, nikaanza kumpa pole. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, ulinihurumia sana. Lakini mimi nilikuwa nahitaji darasa lishushwe chini."

Sikuwa na jibu. Katika jengo lile kuna vyumba vinne vya chini. Kubadilishana chumba na mwalimu mwenzangu kungenigharimu barua moja na mazungumzo ya dakika tano. Badala yake nilichagua huruma, kwa sababu huruma haikunidai kitu. Nilimwondolea ngazi kwa kumwondoa yeye darasani.

Na hivi ndivyo tunavyofanya kama taifa. Tunachangisha kiti cha magurudumu mbele ya kamera, tunapiga makofi, kisha tunakisukuma kiti hicho mpaka kwenye mlango wa ofisi ya serikali wenye ngazi tano. Tunazindua mashine kwa kukata utepe, lakini kijana aliyesomea kuwarudisha watu kwenye miguu yao anakaa nyumbani akisubiri tangazo la ajira. Huduma za utengamao hazina utepe wa kukata. Matunda yake huonekana baada ya miezi, kwa mita chache, na wala hayapigiwi picha nzuri.

Liko pia suala la uchumi wa dawa. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha fampridini, dawa ya kuwasaidia wagonjwa wa MS kutembea. Husaidia sehemu tu ya wanaoitumia, lakini kwa hao ni msaada wa kweli. Dawa hiyo ina mwenyewe, ina matangazo, ina mawakala wanaowatembelea madaktari. Kuinuka kitini mara kumi hakuna mwenyewe. Hakuna kampuni itakayomtuma wakala wilayani kulitangaza zoezi ambalo haliwezi kuuzwa. Katika soko, kitu kisicho na muuzaji hakina msemaji. Msemaji wake pekee anayeweza kuwapo ni dola.

Nisieleweke vibaya. Sizipingi dawa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa muhimu, na hiyo ni hatua ya kushangilia, kwa kuwa dawa zinazouzuia ugonjwa kusonga mbele zinamshughulikia mwizi wa kwanza. Ninachosema ni kwamba kumpa mgonjwa kidonge na kumwagiza akalale ni kufunga mlango mmoja wa nyumba na kuuacha wa pili wazi.

Najua hoja itakayoletwa na wenye kusimamia bajeti: ugonjwa huu kwetu ni nadra, na nchi yenye malaria na vifo vya uzazi haiwezi kuugharimia. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama tungekuwa tunaomba hospitali ya MS. Mtaalamu wa fiziotherapia anayemfundisha mgonjwa wa MS kuinuka kitini ndiye huyo huyo anayemfundisha mzee aliyepata kiharusi, kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, na mtoto aliyezaliwa na mtindio wa ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya ambazo zingeweza kunufaika na utengamao. Mgonjwa wa MS ni mmoja tu katika foleni ndefu, na mahali ambapo yeye hapati huduma, wengine wote wamekosa pia.

Ipo hatari nyingine, na hii inatoka upande wangu wa hoja. Mtu akishasikia kwamba mazoezi yanasaidia, ni rahisi aruke hadi kwenye lawama: basi asiyetembea ni mvivu, ajitahidi. Mwanasiasa asiyetaka kutoa fedha ataipenda sana lugha hiyo. Itamruhusu kuligeuza jukumu la serikali kuwa tabia ya mgonjwa. Uchovu wa MS unatokana na neva zilizoumia, wala hauhusiani na uvivu. Wapo watakaofanya kila zoezi na bado ugonjwa utawatangulia. Kumwambia mtu afanye mazoezi bila kumpa wa kumwongoza, bila njia salama ya kutembea na bila kivuli, ni kumtelekeza kwa maneno mazuri. Mazoezi ninayoyatetea hapa ni huduma, yenye mtaalamu, kipimo na ratiba, kama zilivyo huduma nyingine za hospitali.

Wala hatuhitaji kubuni msingi wa kudai huduma hiyo. Tanzania iliuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Ibara ya 26 ya mkataba huo inazitaka nchi kuimarisha huduma za utengamao, zianze mapema iwezekanavyo na zipatikane karibu na wanakoishi watu, vijijini pia. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka huo huo nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zikapitisha azimio la kuimarisha utengamao katika mifumo ya afya. Karatasi tunazo.

Mapendekezo yangu ni manne. Kwanza, kila hospitali ya wilaya iwe na mtaalamu wa fiziotherapia aliyeajiriwa, na vijana waliokwisha kusomeshwa wasiachwe wakisahau walichojifunza. Pili, vikao vya mazoezi tiba vihesabiwe wazi katika vitita vya bima, kwa idadi inayotosha kuleta mabadiliko, maana kikao kimoja cha maelekezo hakimjengi mtu misuli. Tatu, vyuo vinavyofundisha madaktari na wauguzi vilifute agizo la kupumzika kwa mgonjwa wa MS aliye katika hali ya utulivu, na mahali pake viweke kiasi kinachojulikana. Miongozo iliyotolewa nchini Kanada mwaka 2013, kwa mfano, inashauri dakika 30 za mazoezi ya pumzi ya kadiri mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki, kwa wenye ulemavu mdogo hadi wa kati. Kwa wengi jambo hilo halihitaji mashine. Linahitaji kiti imara, ukuta, kivuli na mtu anayejua. Nne, majengo ya umma yakaguliwe kwa jicho la mtu anayehesabu mita zake. Njia ya mteremko yenye reli ya kushikia, benchi kila baada ya hatua kadhaa na choo kilicho karibu vinampa mgonjwa zoezi la kila siku bila kumwita hospitalini.

Kwa wasomaji wenye ndugu au mwenzao kazini anayeishi na ugonjwa huu, nina ombi dogo zaidi. Kabla hamjamwambia akae, muulizeni anataka kufika wapi. Kisha mpunguzieni njia, mtafutieni mtaalamu, mwende naye taratibu alfajiri. Pole pole ndio mwendo, na kwake msemo huo una maana kamili.

Kuhusu jengo letu, niliandika barua ile hatimaye. Kuanzia muhula ujao kozi yangu itafundishwa katika chumba cha chini. Imenichukua miaka mitatu kuandika barua ya aya mbili, na mtu aliyeihitaji alikwisha kuhitimu. Lakini ngazi 54 bado zipo, na kila Oktoba huja wanafunzi wapya ambao hatujui miili yao imebeba nini.